Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kazi ya utafiti wa fyusheni ya sumaku kwa mwanafunzi aliye Uganda

Fyusheni ya sumaku ni nini, kwa lugha ya mtu aliyemaliza S.4?

Viini viwili vyepesi vikigongana kwa kasi ya kutosha huungana, na muungano huo hutoa nishati. Jozi iliyo rahisi kuliko zote kuwashwa ni deuteri na triti, ndugu wawili wa hidrojeni. Kila muungano hutoa MeV 17.6 (MeV, yaani elektronivolti milioni moja, ni kipimo cha nishati): nyutroni huondoka na 14.1, kiini cha heli hubaki na 3.5. Ili igongane hivyo, gesi inapashwa hadi nyuzi milioni 100 au 150, na kufikia hapo si gesi tena bali plazima, elektroni na ioni zikiwa zimeachana.

Hakuna sufuria ya kushika joto hilo. Kwa hiyo plazima huzungushwa ndani ya uga wa sumaku wenye umbo la tyubu ya tairi la bodaboda. Katika uga wa tesla 5, ioni ya deuteri yenye joto hilo huzunguka mstari wa sumaku kwa duara la nusukipenyo cha milimita 4 hivi, basi haifiki ukutani upesi. Na plazima yenyewe ni nyepesi mno. ITER, mashine kubwa inayojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, ina nafasi ya plazima ya mita za ujazo 840, lakini mafuta yaliyomo kwa wakati wowote hayafiki hata nusu gramu. Wanaoogopa "jua kulipuka duniani" waanze na hesabu hiyo.

Mashine zinazotawala fani ni mbili. Tokamaki ilizaliwa Urusi ya Kisovieti miaka ya 1950. Hiyo hupitisha mkondo mkubwa wa umeme ndani ya plazima yenyewe. Stelareta ilibuniwa na Lyman Spitzer kule Princeton mwaka 1951. Hiyo huacha kazi yote kwa koili za nje, ndiyo maana koili zake zimepindapinda kama zilizokanyagwa na lori.

Hii si ndiyo nyuklia wanayotaka kujenga Buyende?

Hapana. Mpango wa Buyende ni wa kupasua viini vya urani, teknolojia ambayo tayari inauza umeme katika nchi nyingi. Fyusheni ni kuunganisha, na hakuna mtambo wake unaouza umeme popote. Ukitaka kazi ya mapema ndani ya Uganda, njia ya Buyende ni fupi zaidi, na kuichagua si aibu.

Nimesikia Marekani walishafaulu mwaka 2022. Kuna utafiti gani uliobaki?

Kile kilikuwa cha leza, katika maabara ya NIF: leza zilitoa megajuli 2.05, muungano ukatoa 3.15. Si njia ya sumaku. Kwa upande wa sumaku, rekodi za kukumbuka ni za JET, tokamaki iliyokuwa Culham, Uingereza: megawati 16 mwaka 1997 kwa upashaji joto wa megawati 24, kisha megajuli 59 mwaka 2021, na 69 mwaka 2023 kwa mafuta ya miligramu 0.2 tu. JET ilizimwa Desemba 2023.

Kwa kulinganisha, ITER imesanifiwa kutoa megawati 500 za joto kwa megawati 50 zinazoingizwa kwenye plazima. Bwawa la Karuma ni megawati 600, lakini hizo ni za umeme. ITER haitazalisha umeme hata kidogo. Tena ile 50 ni nguvu inayofika kwenye plazima, si yote inayovutwa kutoka gridi. Mtu akikuambia "mara kumi", muulize mara kumi ya nini.

Nichukue masomo gani S.5?

PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. PEM (fizikia, uchumi na hisabati) pia hupita. Kilicho muhimu ni hisabati kuwa somo kuu na kupata daraja nzuri. Kwa fani hii D ya hisabati huumiza kuliko D ya kemia. Kwa somo dogo, wengine huuliza kama ICT itawafaa: itakusaidia kuzoea kompyuta, ila kuandika programu utajifunza mwenyewe.

Chuoni nisome fizikia au uhandisi?

Vyote viwili hupokelewa. Tofauti iko kwenye mlango utakaoingilia. Shahada ya fizikia ya Makerere, Mbarara au Kyambogo ni miaka 3 na hukupeleka kwenye nadharia, uigaji wa kompyuta na vipimo vya plazima. Uhandisi wa umeme au mitambo ni miaka 4 na hukupeleka kwenye sumaku, ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa), mifumo ya kupoza na udhibiti, ambako fani ina uhaba mkubwa wa watu. Vyuo vya Ulaya kwa kawaida hukubali miaka 3 kwa kuingia uzamili. Baadhi ya vyuo vya Marekani husita. Soma sharti hilo kabla ya kulipa ada ya maombi.

Kozi za kutokosa ni sumakuumeme hadi milinganyo ya Maxwell, mekanika ya takwimu, milinganyo tofauti sehemu (partial differential equations), na elektroniki ya vitendo. Kozi ya fizikia ya plazima huenda isiwepo. Usikae kuilalamikia. Chuo cha EPFL cha Uswisi kinafundisha plazima kwa kozi ya mtandaoni kwenye edX. Maliza hiyo, pamoja na mazoezi yake yote.

Uganda haina tokamaki. Naanzaje kufanya utafiti?

Hili ndilo swali linalokuja kuliko yote, na jibu lake huwashangaza wengi: data halisi ya tokamaki iko wazi mtandaoni. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Prague kina tokamaki ndogo iitwayo GOLEM, ambayo imewekwa kwa ajili ya wanafunzi na huendeshwa hata kwa mbali. Nusukipenyo chake kikuu ni mita 0.4, cha plazima ni sentimita 8.5, na plazima hudumu milisekunde chache hadi ishirini na kitu. Kila pigo, yaani kila jaribio la kuwasha plazima, lina namba na ukurasa wake, na yamefika makumi ya maelfu. Huhitaji ruhusa ya mtu kusoma data hiyo.

Kazi ya kwanza tunayoipendekeza ni kukadiria joto la elektroni kwa pigo moja:

1. Chagua pigo lenye plazima. Kisha tafuta pigo jingine la siku ileile ambalo halikuwekewa gesi.
2. Pakua ishara mbili: volti ya mzunguko (loop voltage) na mkondo wa jumla.
3. Kwenye pigo lisilo na gesi, mkondo wote unapita kwenye ukuta wa chuma wa chumba. Gawanya volti kwa mkondo. Utapata ukinzani wa chumba, karibu miliomu 10.
4. Rudi kwenye pigo la plazima. Kwa kila nukta ya muda, mkondo wa plazima ni mkondo wa jumla ukitoa volti gawanya kwa ukinzani wa chumba.
5. Joto la katikati kwa elektronivolti ni takriban (0.7 × mkondo ÷ volti) kwa kipeo cha theluthi mbili, mkondo ukiwa kwa ampea. Ile 0.7 imebeba ukubwa wa GOLEM na dhana kwamba chaji wastani ya ioni ni 2.5.

Mfano: volti 10, mkondo wa plazima ampea 4,000. Unapata 280 kwa kipeo cha theluthi mbili, yaani eV 43 hivi. Kwa kuwa eV 1 ni kelvini 11,600, hiyo ni karibu nyuzi nusu milioni, kutoka kwa mashine ndogo namna hii.

Makosa huwa ni yaleyale. La kwanza ni kusahau hatua ya 4: kwa volti 10, ukuta peke yake hubeba kama ampea 1,000, na joto lako linatoka kubwa mno. La pili ni kupima wakati mkondo bado unapanda. Hapo sehemu ya volti inasukuma induktansi, si ukinzani, na hesabu hutoa joto dogo kuliko lililopo. Pima pale mkondo umetulia. La tatu ni kutoondoa sifuri ya uongo: angalia ishara kabla plazima haijawaka, chukua wastani wake, uutoe. La nne si la fizikia: watu hutoa jibu moja bila kusema lina shaka kiasi gani. Ile 2.5 ni kisio. Irudie kwa 1.5 na kwa 4, uone joto linavyoyumba. Mwanafunzi aliyefanya hivyo ana mazungumzo tayari ya kumpelekea profesa.

Kuna kitu naweza kujenga kwa mikono?

Kipo: koili ya Rogowski, kipimo kilekile kinachopima mkondo wa plazima ndani ya tokamaki. Tafuta mrija laini wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 11 (eneo lake ni karibu sentimita moja ya mraba), urefu sentimita 30. Uzungushie waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.5, mizunguko 10 kwa kila sentimita, jumla 300. Utatumia kama mita 11 za waya. Mafundi wa kusuka mota wanao; nunua kwa uzito. Ukifika mwisho wa mrija, mwisho wa waya urudishwe ndani ya mrija hadi ulipoanzia, kisha ukunje mrija uwe pete, ncha zikutane. Ukiurudisha kwa nje, koili nzima hugeuka kitanzi kimoja kikubwa kinachonasa kila uga wa jirani, na utapima friji ya maabara badala ya mkondo wako. Hili ndilo kosa la asilimia kubwa ya koili zinazokataa.

Koili hii hutoa volti sawa na 1.26 × 10⁻⁷ mara kasi ya badiliko la mkondo. Kwa mkondo wa tokamaki unaopanda hadi ampea 8,000 kwa milisekunde 2, hiyo ni nusu volti, ishara safi. Kwa birika la umeme la ampea 10 kwenye hezi 50 utapata kilele cha milivolti 0.56 tu. Pitisha waya wa birika mara 20 katikati ya koili, utapata kama milivolti 11, na osiloskopu itaiona. Pitisha waya mmoja peke yake, si kebo nzima: ukipitisha wa kwenda na wa kurudi pamoja, mikondo inafutana na utaona sifuri. Huo ni umeme wa volti 240, kwa hiyo waya uwe umefunikwa vizuri na fundi wa maabara awepo.

Koili hupima badiliko, si mkondo. Kupata mkondo lazima ujumlishe ishara kwa muda, na kosa dogo la sifuri hujumlishwa nalo: mstari unaelea juu polepole kama puto. Tatizo hilohilo linawaumiza wahandisi wa mashine zinazofanya kazi dakika nyingi mfululizo.

Kuhusu kuwasha plazima yako mwenyewe kwenye bomba la kioo: fanya ndani ya maabara ya chuo tu. Unahitaji pampu ya ombwe, gesi ya argoni, na chanzo cha mamia ya volti chenye kinzani la kuzuia mkondo. Kioo kikiwa na ombwe huweza kufyatuka kwa ndani, na kapasita iliyochajiwa huua hata baada ya kuzima swichi.

Kompyuta yangu ni ya kawaida. Inatosha?

Kwa kuanzia, ndiyo. Weka Linux na Python. FreeGS huhesabu umbo la uga wa sumaku na mpaka wa plazima. Gridi ya 65 kwa 65 inaenda bila shida kwenye kompyuta ndogo. OpenMC hufuata safari za nyutroni ndani ya ukuta, na hapo utaweza kujiuliza kama blanketi la lithi, yaani tabaka la lithi linalozunguka plazima, linazalisha triti ya kutosha. Pakua maktaba ya data za nyutroni ukiwa chuoni kwenye mtandao wa RENU, maana ni gigabaiti kadhaa na bando lako litalia. Programu za msukosuko wa plazima kama GS2 na BOUT++ zinawekwa bure pia, lakini hesabu zenye maana huhitaji kompyuta kuu. Jifunze mifano yake midogo tu kwa sasa.

Umeme ukikatika katikati ya hesabu ya saa sita, kazi yote huenda. Andika programu yako ihifadhi hali yake kila baada ya dakika kumi. Watu wa kompyuta kuu hufanya hivyohivyo, kwa kuwa nako kazi hukatwa muda ukiisha.

Mtafiti wa fani hii hufanya nini hasa?

Hushughulika na kinachoharibika. Ukielewa orodha ya yanayoharibika, umeelewa soko la ajira.

Mporomoko wa plazima ndio ugonjwa mkuu wa tokamaki. Plazima hupoteza joto ghafla ndani ya milisekunde chache, kisha mkondo hufa. Kwenye ITER, ampea milioni 15 zitakufa kwa milisekunde kati ya 50 na 150, na chuma chote cha jirani kitasukumwa kwa nguvu kubwa. Baya zaidi, elektroni chache huweza kutoroka, zikafikia karibu kasi ya mwanga na kutoboa ukuta mahali pamoja kama tochi ya kuchomelea. Tiba inayotafitiwa ni kurusha vipande vya hidrojeni na neoni vilivyogandishwa mara tu dalili zinapoonekana. Kutabiri dalili hizo ni kazi ya watu wa data, na hapa ndipo mwanafunzi mwenye Python nzuri huingia kwa urahisi.

Ukingo wa plazima ni fani nyingine. Mwaka 1982, kwenye mashine ya ASDEX kule Garching, Friedrich Wagner aligundua kwamba plazima ikipashwa vya kutosha hujijengea ukuta wa kuzuia joto ukingoni. Faida kubwa, ila ukuta huo hupasuka kila mara na kumwaga joto kwenye daiveta, sakafu inayopokea majivu na joto la plazima. Sakafu hiyo inatakiwa ivumilie megawati 10 kwa mita ya mraba kwa muda mrefu. Imetengenezwa kwa tungsteni kwa kuwa haiyeyuki upesi, lakini chembe chache za tungsteni zikiingia katikati ya plazima hutoa mionzi na kuizima. Kwa hiyo kuna watafiti ambao maisha yao yote ni kufuata chembe hizo.

Wengine hupasha joto. Elektroni huzunguka mistari ya sumaku kwa gigahezi 28 kwa kila tesla, basi kwenye uga wa tesla 2.5 wa stelareta ya Wendelstein 7-X huko Greifswald, mawimbi ya gigahezi 140, mara mbili ya mzunguko wa asili, hufyonzwa pale yanapolengwa. Vifaa vya kuyatoa, jairotroni, ni taaluma kamili.

Na kuna ombwe, kazi isiyoimbwa. Kabla ya msimu wa majaribio, chumba huokwa kwa nyuzi mia moja na kitu au zaidi kwa siku kadhaa ili maji yaliyonata ukutani yatoke. Uvujaji hutafutwa kwa kupuliza heli kwa nje huku mashine ya kupima uzito wa chembe ikisubiri ndani. Tundu usiloliona kwa jicho linaweza kusimamisha mashine ya mabilioni. Fundi anayelipata haraka hapati tuzo, lakini hakosi kazi.

Nifanye uzamili wapi, na nani atalipa?

Karibu zaidi ni Kigali: taasisi ya ICTP-EAIFR, iliyofunguliwa mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda, inafundisha fizikia ya uzamili na uzamivu. Haifundishi tokamaki, lakini hukupa hisabati, kompyuta na barua za wasimamizi wanaojulikana nje. Kwa plazima yenyewe, tazama uzamili wa FUSION-EP wa Erasmus Mundus, Eindhoven kule Uholanzi, na York kule Uingereza. Nafasi za ufadhili ni chache na ushindani ni mkali. Omba tatu au nne kwa mwaka mmoja.

Wanawake wana mlango wa ziada: ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, kwa uzamili wa fani za nyuklia, fyusheni ikiwemo. Uganda ni mwanachama wa IAEA tangu 1967. Ombi hupelekwa mtandaoni moja kwa moja, tofauti na mafunzo mengine ya IAEA ambayo hupitia serikalini.

Uzamivu Ulaya kwa kawaida ni ajira au una posho; mwanafunzi halipi ada kubwa, analipwa. Wakala anayekudai shilingi ili "akupatie PhD ya nyuklia" anakuibia.

CGPA yangu ni 4.0. Inakuwa ngapi Ujerumani?

Wao hutumia kanuni moja: toa alama yako kutoka alama ya juu kabisa, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwa kipimo cha 5.0 chenye ufaulu wa 2.0, wewe unapata 1 + 3 × (1 ÷ 3) = 2.0. Kwao ndogo ndiyo nzuri, na 2.0 ni nzuri. CGPA ya 3.5 inakuwa 2.5, kiwango ambacho programu nyingi hukitumia kama mpaka.

Maombi hukwama wapi?

Kwenye karatasi, si kwenye fizikia. Nakala rasmi ya matokeo huweza kuchelewa miezi. Ianze kabla ya mahafali. Jina la pasipoti lisilofanana na la cheti cha UNEB, hata kwa herufi moja, huleta maswali ubalozini. Rekebisha kwa hati ya kiapo mapema. Barua za mapendekezo zikitoka kwenye anwani ya Yahoo au Gmail ya mhadhiri hutiliwa shaka, kwa hiyo mwombe kwa heshima atumie anwani ya chuo. Vyuo vingine hukubali barua inayosema ulisoma kwa Kiingereza, vingine hung'ang'ania mtihani wa lugha. Madirisha mengi ya masomo ya Septemba hufungwa kati ya Desemba na Machi. Mwezi wa Oktoba uwe na kila kitu mkononi.

Nikimwandikia profesa, niseme nini?

Maneno mia na hamsini, kwa Kiingereza. Sentensi ya kwanza: wewe ni nani na uko mwaka wa ngapi. Ya pili na ya tatu: makala yake ipi umeisoma na swali moja la kweli juu yake. Kisha kazi yako, kwa mfano ile hesabu ya GOLEM, na kiungo cha mahali ulipoiweka. Mwisho, ombi moja linalojibika: je, ana nafasi mwaka ujao? Usiandike kwamba tangu utotoni uliyapenda majua na nyota. Wanazo barua za hivyo kabati zima. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha endelea mbele.

ITER wataniajiri?

Kwa pasipoti ya Uganda pekee, moja kwa moja, ni vigumu. Ajira za kudumu za ITER ni za raia wa wanachama wake: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Afadhali uijue leo kuliko baada ya miaka kumi. Lakini sehemu kubwa ya utafiti wa fani haiko ITER. Iko vyuoni na kwenye maabara za nchi, ambazo nyingi huajiri kwa sifa. Kampuni binafsi nazo zimeongezeka. Commonwealth Fusion Systems ya Marekani ilijaribu sumaku ya tesla 20 mwaka 2021, na nguvu ya fyusheni kwa ukubwa uleule wa mashine hukua kwa kipeo cha nne cha uga. Baadhi ya kazi zao zina vizuizi vya uraia kwa sababu ya sheria za usafirishaji wa teknolojia. Uliza kabla ya usaili wa pili.

Itanichukua miaka mingapi?

Shahada 3 au 4, uzamili 2, uzamivu 3 hadi 4, kisha mikataba ya miaka miwili miwili kabla ya kazi ya kudumu. Kumi hadi kumi na mbili kutoka S.6. ITER kwa ratiba ya 2024 itaanza utafiti 2034, na deuteri na triti 2039. Mwenye miaka 18 mwaka 2026 atakuwa na 31 siku hiyo, umri wa kuandika makala zake nzuri. Ratiba zimewahi kuteleza na zinaweza kuteleza tena.

Mzazi anauliza: mionzi haitamdhuru mtoto wangu?

Mashine ikiwaka hakuna mtu ukumbini. Kuta nene humtenga. Mashine nyingi za utafiti hazitumii triti kabisa. Mfanyakazi wa mionzi huvaa kipimo, na kikomo cha kimataifa ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Asili yenyewe humpa kila mtu duniani kama 2.4. Hatari za kila siku ni umeme wa volti nyingi, gesi baridi inayofukuza oksijeni chumbani, na kupanda ngazi.

Nikirudi Uganda na uzamivu huu, nitafanya nini?

Kufundisha ndiyo njia ya wengi, na vyuo vinahitaji. Nje ya hapo, uza ufundi, si neno "fyusheni": anayejua ombwe, mawimbi ya redio, volti kubwa na urekebishaji wa vipimo anafaa kwenye tiba ya mionzi, kwenye ulinzi wa gridi, na kwenye udhibiti wa vyanzo vya mionzi chini ya Baraza la Nishati ya Atomiki.

Na unaweza kuendelea na utafiti ukiwa hapahapa. Kampala iko mbele ya Ufaransa na Ujerumani kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi, basi zamu yao ya saa tatu asubuhi inakukuta ofisini saa nne au saa tano. Andaa laini mbili za mitandao tofauti na betri ya kushikilia kompyuta na ruta kwa saa nne. Omba ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi ya data kabla hujaondoka kule, kwa kuwa kuifungua upya kutoka nje huchukua wiki, na anwani yako ya barua pepe ya chuo cha nje hufungwa mkataba ukiisha.